Majibu ya Macho ya Sabina

Sehemu ya nne

Wiki hii simu yangu haikupumzika. Msomaji mmoja wa Kahama ameniandikia: "Kaka Yeremia, wewe si mwema, wewe ni mwoga." Mama mmoja wa Singida amesema ningekuwa mdogo wake angenichapa mbele za watu. Mwingine hakutukana. Aliuliza tu: "Mkeo alikuja kujua lini?"

Swali hilo ndilo limeninyima raha. Leo nalijibu.

Kwa anayeanza kusoma leo: mimi ni fundi seremala wa Kongwa. Mke wangu Sabina ni fundi cherehani. Tuko kwenye ndoa mwaka wa kumi na mbili, na tuna binti mmoja, Modesta, mwenye miaka tisa. Mwezi wa kumi na moja Sabina alikwenda Dodoma mjini kupimwa macho, maana uzi ulikuwa unamkataa kwenye tundu la sindano, na kila siku alikuwa anajigonga kwenye fremu za milango upande wa kushoto. Siku ya majibu alikuwa na sare za shule za kumalizia. Nikaenda mimi.

Muuguzi aliniambia ni presha ya macho.

"Ugonjwa huu hauponi," akasema. "Kilichopotea hakirudi."

Aliendelea kuongea. Aliongea kwa muda mrefu, akaandika karatasi, akaitia kwenye bahasha, akanikabidhi. Mimi nilikuwa nimeacha kusikia kwenye lile neno "hauponi".

Nyumbani Sabina aliniuliza, "Wamesemaje?"

"Macho mazima," nikamjibu. "Ni uchovu. Wamesema uvae miwani ya jua, upumzike." Na kabla hajauliza la pili nikamwambia, "Krismasi hii twende Mwanza. Si unataka kuliona ziwa tangu utoto wako?"

Alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Bahasha niliifungia kwenye sanduku la randa zangu. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: kama macho yanakwenda, basi yaende yakiwa yameona kitu.

Sasa simulizi iko Mwanza; Modesta tulimwacha Kongwa kwa mama yangu.

Tulishuka stendi ya Nyegezi tarehe ishirini na mbili jioni, tukapata chumba kwenye gesti moja ya Mkuyuni. Mwenyewe ni mjane wa Kiislamu, umri wa mama yangu, wanamwita Mama Najat. Ana maneno mengi, na sahani hazimtoki mkononi.

"Mmekuja kwa nani Mwanza?" alituuliza.

"Hatuna mtu, mama," Sabina akajibu. "Tumetoka Dodoma kuja kutembea tu."

"Mmetoka Dodoma kuja kutembea kwenye mawe!" Akacheka mpaka akajishika kiuno. "Basi kuanzia leo mna mtu. Kaeni, ugali uko tayari."

Kesho yake nilimwamsha Sabina saa kumi na mbili asubuhi. Tukapanda kilima cha Bugando, tukautazama mji wote na maji yake. Tukashuka mjini, tukaliona jiwe la Bismarck, tukapiga picha. Tukavuka na feri kwenda Kamanga na kurudi na feri hiyohiyo. Saa nane mchana tulikuwa kwenye boti ya kwenda kisiwa cha Saanane, kwenye wanyama.

"Yeremia," akasema, "mbona unanikimbiza?"

"Siku zenyewe chache."

"Tuna siku tano! Mwenzio sijakaa chini tangu asubuhi. Unanionyesha vitu kama mtu anayefunga duka."

Nikacheka. Nadhani kicheko kilitoka vibaya, maana alinitazama sana.

"Mwone pundamilia yule," nikamwambia tulipofika kisiwani.

"Wapi?"

"Kushoto. Pale kwenye jiwe."

Aligeuza kichwa, mabega na kiuno vyote kwa pamoja, kama mtu mwenye ndoo ya maji kichwani. "Ahaa," akasema. Mpaka leo sijui kama alimwona.

Jioni tulikaa barazani. Mama Najat aliwasha taa ya mlangoni, Sabina akanishika goti.

"Angalia, Yeremia. Taa za huku zina pete."

"Pete gani?"

"Za rangi. Nyekundu kwa nje, bluu kwa ndani. Nzuri kweli. Huzioni?"

"Ni ukungu wa ziwa huo," nikasema.

Hakukuwa na ukungu wowote. Anga lilikuwa safi, nyota zote zinaonekana.

Tarehe ishirini na nne asubuhi akataka kwenda soko la Mwaloni Kirumba kununua dagaa wa kumpelekea mama yangu. Pale watu ni wengi, mikokoteni haimwonei mtu huruma. Nilimshika mkono wa kulia. Nilipougeukia mkokoteni uliokuwa unakuja, mguu wake wa kushoto ukaingia katikati ya turubai la dagaa la mama mmoja wa Kisukuma.

"We mama! Macho umeyaacha nyumbani?" yule mama akafoka.

Nilihisi kama kofi. Sabina yeye alichuchumaa, akaanza kuwakusanya dagaa kwa viganja.

"Nisamehe, mama. Nilikuwa nashangaa ziwa nikaisahau miguu."

"Mgeni huyu!" Yule mama akalegea. "Basi acha, acha, utajichafua gauni."

"Nimemwaga mimi, nakusanya mimi."

Nikainama kumsaidia, akanisukuma kwa bega. Niliona alivyokuwa anakusanya. Alikuwa anapapasa. Dagaa waliong'aa kwenye jua mbele ya vidole vyake aliwapita, akachukua waliogusa ngozi yake.

Njiani kurudi, tulipokaribia gesti, akaivua miwani.

"Hii miwani hainisaidii."

"Utaizoea."

"Tukirudi naenda mwenyewe Dodoma kuwauliza tena."

Nikamfungulia geti.

Mchana ule alivuka barabara kwenda saluni, atengeneze nywele za misa ya Krismasi. Mimi nikabaki barazani. Mama Najat alikuwa kwenye kiti chake, kichwa ameegemeza nyuma, ameshika kichupa kidogo juu ya uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja kwanza, usinisemeshe nikakosea."

Akadondosha tone moja kulia, moja kushoto. Akafumba macho, akajibana pembeni ya pua kwa vidole viwili. Nilingoja.

"Unaumwa macho?"

"Presha ya macho. Mwaka wa kumi na moja huu."

Nikasogeza kiti karibu.

"Na... unaona?"

Akafumbua. "Nakuona mpaka kifungo cha shati lako kinachotaka kudondoka. Mpe mkeo akushonee."

"Lakini mama, ugonjwa huo si hauponi?"

"Hauponi. Nani kakwambia unapona? Hauponi, ila unazuilika. Unapewa dawa, unatia kila siku ya Mungu, pale ulipofikia unasimama hapohapo. Dada yangu wa Misungwi naye anao. Yeye alisikia hauponi, akasema basi, akakaa nyumbani. Mwaka wa pili tukawa tunamshika mkono kumpeleka chooni."

Nilishika nguzo ya baraza. Nadhani uso ulinisaliti, maana alikatiza maneno yake.

"Una nini wewe?"

Nikamwambia. Muuguzi, bahasha, sanduku la randa, miwani ya jua, zile pete kwenye taa. Alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa.

Hakunitukana. Alitazama saa ya ukutani.

"Tisa na robo. Kliniki ninayotibiwa wanafunga saa kumi. Kesho Krismasi, hawafungui. Simama. Mwite mkeo, twende."

Nikasimama. Nikavuka barabara.

Sabina alikuwa kwenye kiti mbele ya kioo, taulo mabegani. Aliisikia sauti yangu mlangoni nikisalimia.

"Umekuja kunichungulia!" akasema. "Toka, usubiri uone."

"Shemeji ana wivu," msusi akasema, wanawake wote wakacheka.

"Njoo," Sabina akanivuta nimsogelee, akasema kwa sauti ya chini, "Leo nimefurahi, Yeremia. Sikumbuki lini nilifurahi hivi."

Maneno niliyokuwa nimeyabeba toka barazani yalikuwa mawili tu: "Twende hospitali." Sikuyatoa. Nikamshika bega, nikasema, "Umependeza." Nikatoka.

Mama Najat alikuwa ameshavaa baibui, mkoba kwapani.

"Yuko wapi?"

"Mama, kesho kutwa. Nitamwambia Krismasi ikipita. Aifurahie hii moja."

"Macho hayana sikukuu, mwanangu."

"Ni siku mbili tu."

Akauweka mkoba chini. "Mimi simwambii. Si mume wangu, si ndoa yangu. Lakini ujue kitu kimoja. Asubuhi ulikuwa hujui. Sasa unajua."

Wasomaji, yule wa Kahama ana haki. Mwezi mzima nilikosea kwa ujinga. Siku ile nilikosea nikiwa na akili zangu timamu, nimesimama kwenye baraza ya watu saa tisa na nusu mchana.

Krismasi ilifika. Mama Najat aliondoka asubuhi kwenda Misungwi kumwona dada yake, akasema atalala huko. Alinipita mlangoni bila kunisemesha. Sisi tukaenda misa, Sabina akaimba mpaka sauti ikamkauka, kisha tukaenda kula kwenye bichi moja upande wa Luchelele. Alivaa gauni la njano alilolishona mwenyewe. Alichagua meza iliyo karibu kabisa na maji.

Sato alipoletwa, Sabina aliweka kiganja juu ya nyusi ya kulia.

"Kichwa."

"Ni jua hilo. Kunywa maji."

"Siyo kichwa hiki, Yeremia. Ni kama jicho linataka kutoka."

Akainuka haraka, akajikwaa kwenye kiti, akatapika nyuma ya meza.

Meza ya jirani walikuwa wanawake watano waliovaa kitenge cha sare. Mmoja mnene, waliyekuwa wanamwita Dorotea, akaja na chupa ya maji, akamwosha uso Sabina, kisha akanigeukia anatabasamu.

"Hongera, baba!"

"Ya nini?"

"Samaki hana kosa. Ni mimba hiyo, inakataa harufu ya samaki. Mimi kwa wanangu wote nilianza hivihivi."

Wenzake wakapiga vigelegele. Sabina akainua uso wenye maji, jicho moja amelifumba kwa maumivu, akawa ananitafuta kwa lile jingine.

"Yeremia," akasema. "Inawezekana?"

Tangu Modesta afikishe miaka miwili tumekuwa tunatafuta mtoto wa pili. Miaka saba. Tumekwenda kwa madaktari, tumeombewa, tumenyamaza. Na mimi, nikiwa ninajua ninachokijua, nikiwa nimeambiwa jana yake na mtu mzima mwenye ugonjwa uleule, nilifurahi. Nilitaka iwe mimba. Nilitaka sana iwe kitu kingine, chochote kile.

"Inawezekana," nikasema.

Akalia kwa furaha palepale, huku ameshika kichwa.

Wakamlaza kivulini. Dorotea akamletea ndimu na tangawizi. Kila aliposema jicho linauma, kulikuwa na mtu wa kumjibu. "Mimba ya kwanza mimi niliumwa mpaka meno," mmoja akasema. "Yangu ilinitoa kipele ulimini," mwingine akasema. Sabina akawa anacheka na kutapika, anacheka na kutapika. Saa zikaenda.

Saa kumi na moja nikampakia kwenye bajaji. Maduka mengi ya dawa Mkuyuni yalikuwa yamefungwa. Moja lilikuwa wazi. Nikaomba dawa ya maumivu ambayo mjamzito anaweza kumeza.

Yule dada wa dukani alimtazama Sabina aliyeniegemea. "Jicho limekuwa jekundu hili. Mgonjwa ana tatizo lolote jingine? Presha, sukari, macho?"

Alitaja macho. Aliyataja kwa mdomo wake.

Sabina alikuwa amesimama hapo, mkono wake umeshika mkanda wa suruali yangu ili asianguke. Ningesema lipi mbele yake?

"Hana," nikajibu.

Alimeza dawa akalala. Usiku ulipita, na usiku huo sina la kusimulia, nilikaa tu.

Asubuhi aliamka mwenyewe, akajifunga kanga, akafuata ukuta mpaka barazani. Jicho la kulia lilikuwa jekundu kama pilipili, na katikati pamefifia kama kioo cha bafuni chenye mvuke. Msichana wa gesti alikuwa ameweka chupa ya chai na vikombe. Sabina akachukua chupa, akamimina.

Chai ilimwagika mezani. Kikombe kilikuwa pembeni, kikavu.

"Sabina."

"Kikombe kiko wapi?"

"Hapo mbele yako."

"Usinitanie, Yeremia."

Chai ilikuwa inamtiririkia mapajani, naye hasogei. Wakati huohuo simu yake ikaita. Nikaipokea nikamshikisha. Alikuwa Modesta, na sauti yake niliisikia mpaka nilipokaa.

"Mama! Heri ya Krismasi ya jana! Ziwa likoje?"

Sabina alifumba macho yote mawili.

"Kubwa, mwanangu," akasema. "Kubwa sana. Maji yanakwenda mpaka unachoka kutazama."

"Nipigie picha sasa hivi!"

"Baba atapiga."

Akaninyooshea simu. Aliinyoosha upande wa mlango. Mimi nilikuwa upande wa pili.

Hapo ndipo Mama Najat alipoingia getini, ametoka Misungwi. Alimtazama Sabina mara moja tu. Kikapu kikamtoka mkononi, viazi vikatawanyika uani.

"Hii siyo mimba," akanikatiza nilipoanza kueleza kwamba ni mimba. "Nyamaza. Leta bajaji."

Kwenye kliniki alikuwepo daktari wa zamu peke yake, kijana mpole, Daktari Alexander. Alimwinamia Sabina na kitaa chake, akampima jicho moja, akampima la pili, akarudi la kwanza. Mkono wake ukaanza kwenda haraka. Akamwita muuguzi alete dawa za matone na sindano, akamchoma palepale.

"Maumivu yameanza lini?"

"Jana saa saba mchana," Sabina akajibu.

"Saa saba." Daktari aliangalia saa yake, na midomo yake ikawa inahesabu. "Kabla ya hapo hukuwahi kuona dalili? Kujigonga? Pete kwenye taa?"

"Pete niliziona siku tatu zilizopita. Mume wangu alisema ni ukungu."

"Hujawahi kupimwa macho?"

"Nimepimwa Dodoma, mwezi wa kumi na moja. Walisema macho mazima, nivae miwani ya jua."

Daktari akaacha kuandika. "Haiwezekani, dada. Jicho la kushoto limeliwa sehemu kubwa, na hilo ni la muda mrefu. Ulikuwa unaonea la kulia. Hilo ndilo presha imelipiga jana. Mtu yeyote aliyekupima mwezi wa kumi na moja aliona haya. Angekupa dawa siku hiyohiyo. Nani alikwambia macho ni mazima?"

Chumba kilikuwa kidogo. Mama Najat alitazama sakafu.

Sabina hakugeuka. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti.

"Yeremia."

"Naam."

"Walikwambia nini Dodoma?"

Nawaambia ukweli, hata hapo kuna mtu ndani yangu alikuwa bado anatafuta uongo wa kusema. Hakuupata. Nikamwambia yote. Nikamwambia nilisikia hauponi nikaacha kusikia, nikamwambia bahasha iko Kongwa kwenye sanduku. Nikamwambia nilidhani hakuna dawa, nilitaka aone ziwa kwanza.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na kwamba kuna dawa, umejua lini?"

"Juzi."

"Juzi saa ngapi?"

"Saa tisa."

Akapeleka mkono kwenye nywele zake.

"Saa tisa nilikuwa saluni."

"Ndiyo."

"Ulikuja saluni."

"Ndiyo, Sabina."

"Nikakwambia nimefurahi."

Nikapiga magoti. Nilimshika miguu. Hakunipiga, hakunitukana, hakulia. Alivuta miguu yake taratibu akaiweka chini ya kiti, kama mtu anayempisha mwenye kufagia.

Daktari alikohoa. Akasema presha ikishuka inabidi jicho litobolewe njia ya maji siku hiyohiyo, na kuna karatasi ya kukubali matibabu, isomwe, mgonjwa aweke dole gumba. Nikanyoosha mkono kuipokea, kwa mazoea. Miaka yote kumi na miwili karatasi za nyumbani nazisoma mimi.

"Nisomee wewe, daktari," Sabina akasema. "Yeye asinisomee."

Daktari akasoma. Sabina akauliza maswali matatu, yote ya maana, akaweka dole gumba.

"Ndugu wa karibu niandike nani?"

"Huyu mama."

Daktari alimtazama Mama Najat, baibui lake na viatu vyake vyenye tope la Misungwi, akamtazama Sabina na msalaba wake shingoni. "Mna undugu gani?"

"Mwanangu huyu," Mama Najat akajibu, machozi yanamshuka. "Andika."

Wakampeleka ndani; mlangoni Sabina alimnong'oneza Mama Najat kitu, naye akaitikia. Mimi nikabaki kwenye benchi la korido na mfuko wa nguo zake mapajani. Mama Najat alikaa mwisho wa benchi lilelile, tasbihi mkononi. Mara mbili nilimwita, mara mbili hakuitika. Modesta alipiga simu. Niliitazama inavyotetemeka mpaka ikakatika. Ningemwambia nini? Akapiga tena.

Ilipita saa moja, ikaja ya pili.

Mlango ukafunguka, Daktari Alexander akatoka anavua kofia. Nikainuka. Nikasema, "Daktari." Alinipita. Alikwenda mpaka kwa Mama Najat, akainama, akazungumza naye sikioni kwa muda.

Nilimtazama yule mama usoni kama mtu anayesoma hukumu. Alifunika mdomo kwa ushungi. Kisha akasema lile neno la Kiarabu la kumshukuru Mungu, ambalo wenzetu wa dini yake hulisema kwenye harusi na hulisema kwenye msiba.

"Daktari, nakuomba," nikasema. "Anaona? Nijibu hilo moja tu. Anaona?"

Aligeuka. Hakuwa na hasira. Ningefurahi kama angekuwa na hasira.

"Samahani, kaka. Mgonjwa ameomba majibu yake yasipitie kwako."

Akaondoka akiifuata korido.

"Mama Najat," nikamwita. "Mama. Mimi ni mume wake."

"Nimemwahidi, Yeremia."

Akainuka. Akauchukua mfuko wa nguo mapajani pangu, akaangalia kama una kila kitu atakachohitaji Sabina, akaenda mpaka mlangoni. Hapo akasimama, mkono kwenye kitasa.

"Mpigie mama yako Kongwa," akasema. "Kesho wapande basi la kwanza. Amlete mtoto."

"Amlete kwa nini, mama? Ili Sabina amwone, au kwa sababu..."

Sikuweza kuimaliza sentensi. Mama Najat akautia mfuko kwapani. Kisha akaingia, akafunga mlango.